Posa ya A na B

Usiku wa jana niliota nimekuwa mshenga wa lugha mbili. Zingekuwa Kidigo na Kizigua ningefurahi. Ni zile lugha za hesabu ambazo programu yangu imeshindwa kuziunganisha kwa miezi saba: moja ina maneno ya A tupu, nyingine ya B tupu. Asubuhi nilitakiwa kuionyesha kwa Dakta Mzirai, msimamizi wangu, na akiikataa mara ya tatu, shahada nitaiona kwa wenzangu.

Nimekaa mkekani Tanga, nyumbani kwa bibi harusi, lugha ya B. Shangazi yake, BB, mama mnene wa herufi mbili, ananitazama.

"Mshenga, umetuletea nini?"

"Muungano," nasema. "Maneno yenu na yao, yote chumba kimoja."

"Huo ni mkutano wa hadhara. Ndoa iko wapi?"

Nabonyeza kitufe cha makutano kwenye kompyuta yangu, wabaki wale tu walio wa pande zote mbili. Nyumba nzima inatoweka. Anabaki Neno Tupu, bwana asiye na herufi hata moja, anatafuna tambuu bila mdomo.

"Kitu pekee walicho nacho pande zote mbili ni mimi," anasema, "na mimi si chochote."

Namshukuru, amenisaidia sana. Nawarudisha wengine.

Sasa tuko jikoni. Mgeni mmoja ana alama ya nyota ya hesabu kifuani, na sheria yake ni kurudia mara sifuri au zaidi. Kachagua zaidi. Pilau inakwisha.

"Basi wafuatane," nasema. "Neno la bwana harusi mbele, la bibi harusi nyuma. Ndivyo nilivyoandika kwenye mstari wa programu yangu."

Shangazi BB anaweka upawa chini. "Mwanangu, kwenu bibi harusi ndiye anayekwenda kugonga mlango wa mume?"

"Hapana, shangazi. Mume ndiye anayemfuata kwao."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa nne chuo kikuu."

"Pole."

Niliamka na aibu ya kweli, kwa kusutwa na herufi mbili. Nikafungua kompyuta niugeuze ule mstari. Ulikuwa umeshageuzwa, B mbele, A nyuma, na majaribio yote arobaini yamekubali. Naishi peke yangu.

Sikuuliza maswali. Nikaanza kuandika tamko la lazima, kwamba kazi hii nimeifanya mwenyewe bila msaada wa mtu yeyote. Kidole kikateleza. Kitufe cha B kilikuwa na mafuta ya pilau, na mimi jana nilikula mkate.