Fremu ya Miguu Mitatu

Ubishi ulianza asubuhi, na kama ulivyo ubishi wa watu wanaopendana, kila mmoja alikuwa akimpigania mwenzake. Shangazi alitaka kuuza cherehani yake ili binti wa kaka yake, mpiga picha, anunue skana mpya. Binti naye skana aliitaka mno, ila si kwa bei hiyo.

"Shangazi, cherehani hiyo ndiyo mikono yako."

"Mikono yangu hii hapa, wala haiuzwi. Wewe lete mnunuzi."

Chanzo kilikuwa kipande cha filamu walichokikuta kwenye boksi la marehemu kaka, baba wa binti. Humo, kwa jinsi boksi lilivyoandikwa, alikuwamo mama mzazi wa Shangazi, aliyefariki Shangazi akiwa hajaota hata jino. Hakuwahi kumwona hata kwa picha. Alichoachiwa ni kofia moja ya kitoto, ya sufu, yenye masikio mawili, ambayo mama huyo alimfumia kwa mkono wake. Aliitunza kabatini kama mboni ya jicho.

Skana kuukuu ilikuwa imeisoma filamu ile mara nane, na mara zote nane ikatoa ukungu: mwanamke asiye na uso, amekumbatia furushi la nguo.

"Haya, nionyeshe inavyofanya kazi," alisema Shangazi. "Siuzi mali yangu kwa kusikia tu."

Mpiga picha akaibana filamu kwenye fremu yake ya plastiki, akailaza juu ya kioo. Shangazi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Mtaani walimwita Bi Pindo, maana hakumwacha mtu apite na pindo lililokwenda upande. Aliwahi kumsimamisha hata bwana harusi mlangoni, sindano mkononi.

"Mbona hii imelala upande?"

"Ilianguka, mguu mmoja ukavunjika. Ni kijiguu kidogo tu, Shangazi, hakionekani hata."

"Hakionekani na nani?" Shangazi aliangua kicheko. "Mwanangu, mguu wa cherehani ukipanda pindo nene unainama, mishono inaruka. Unadhani tunanunua cherehani nyingine? Tunakunja kitambaa, tunakiweka nyuma yake, ukae sawa. Kazi inaendelea!"

Akachomoa mfukoni kipande cha kadibodi ya kukatia kola, akakikunja mara mbili, akakichomeka pale pengoni. Akakodoa jicho moja. Akakikunja tena. Mpiga picha aliona haya kweli kweli. Miezi miwili alikuwa akisoma sifa za skana mpya, na kumbe kioo cha ile kuukuu kilitaka filamu ilale sawa, basi.

Akabonyeza. Mashine ikanguruma, picha ikaanza kushuka kwenye skrini polepole. Kikatokea kilemba, kisha paji la uso. Kisha macho, yanacheka. Kisha mdomo.

"Mwanya!" Shangazi alipiga kelele, akijishika meno yake ya mbele. "Mwanya wangu huo! Watu wote walikuwa wananiuliza nimeutoa wapi!"

Walikuwa bado wanacheka picha ilipofika kwenye furushi. Furushi lilikuwa na mashavu. Lilikuwa na ngumi ndogo iliyong'ang'ania ncha ya kilemba. Na kichwani lilivaa kofia ya sufu yenye masikio mawili.

Shangazi akainuka. Akaenda kabatini, akarudi na kofia, akaiweka kando ya skrini. Akahesabu mishono ya sikio la kwanza kwa kidole, kisha la pili.

"Miaka yote hii," alisema, machozi yakimtiririka na mwanya wote uko nje, "nimekuwa nikisema sijui kama aliwahi kunibeba."

Mpiga picha alimkumbatia, wakayumba pamoja mpaka kiti kikalalamika.

"Na skana mpya, Shangazi?"

"Ya nini? Ichapishe hii, kubwa. Naitundika juu ya cherehani, anione ninavyoshona."