Mwendo wa Kuzungumza

Wivu wa mtu mzima, tena mwenye moyo mgonjwa, si jambo la kuchekea, ingawa pale sokoni walicheka sana. Mwenye wivu huo alikuwa muuza nyama waliyemwita Kinono, na jina lilimkaa, maana kabla hajaugua mteja wa kwanza wa bucha lake alikuwa yeye mwenyewe. Asubuhi hafungui duka bila figo za kukaanga, jioni harudi nyumbani bila kipande chenye mafuta. Siku kifua kilipombana akiwa amenyanyua paja la ng'ombe, daktari alimwambia mishipa inayoulisha moyo imeanza kuziba, na kwamba kabla ya kufikiria kumpasua wangejaribu dawa, chakula na mazoezi. Kinono aliposikia habari za kisu alikubali yote papo hapo. Angeambiwa ale majani angekula.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni mkewe. Samli akaigawa kwa majirani, mafuta akaanza kuyapima kwa kijiko. Na kwa kuwa mumewe aliona haya kwenda peke yake kwenye kundi la wagonjwa wa moyo, wale wanaotembea kila asubuhi kutoka zahanati mpaka kwenye tangi la maji juu kilimani, mama wa watu akavaa raba akafuatana naye. Balaa lilianzia hapo.

Kundi lile lilikuwa na sharti moja. Muuguzi aliyeliongoza hakutaka mtu akimbie wala ajivute. Kila mmoja atembee mwendo unaomwezesha kuzungumza na mwenzake. Ukishindwa kumaliza sentensi, ujue moyo umelemewa, punguza. Kwa hiyo walikwenda wawili wawili, na kupiga soga kulikuwa sehemu ya dawa. Sasa mke alikuwa mzima wa afya, mwepesi wa miguu na wa maneno, na mumewe mzito wa vyote viwili. Haikupita muda mke akajikuta mbele, ubavuni mwa Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mkaguzi wa shule kabla ya kustaafu, na mkewe alikwishafariki. Aliwahi kuugua ugonjwa uleule, akafuata masharti mpaka tumbo likaingia ndani, na sasa alitembea amenyooka kama rula. Kinono alimchukia tangu siku ya kwanza. Mkewe alipoanza kurudi nyumbani na maneno ya bwana huyo, chuki ikazidi. Mkaguzi anasema chumvi ipunguzwe, ndimu inatosha. Mkaguzi anasema kuku avuliwe ngozi. Mkaguzi anasema maharage ni rafiki wa moyo. Jamani, mtu haishi humo ndani, hana hata kiti, lakini kila sufuria ikifunuliwa yumo! Kinono alitafuna mboga zake za majani huku roho ikimuuma, akajiona analishwa na mwanamume mwenzake.

Dukani alikata mifupa kwa nguvu kuliko mifupa ilivyohitaji. Wateja wakamtania kwamba mama siku hizi amepata kocha. Alicheka nao, halafu akawapimia mifupa mitupu.

Mwishowe akaona dawa ni kununa. Kila asubuhi akawa anatembea nyuma kabisa, kimya, ili mkewe aone. Mkewe akaona, akazoea. Muuguzi alipouliza mbona yule hazungumzi, mke akamwambia amwache, amenuna tu, na kundi zima likachukulia hivyo. Mtu mwenye akili zake angeona hatari iliyokuwepo. Kinono hakuiona, maana alikuwa anahesabu mara ngapi mkewe amecheka.

Asubuhi moja walipoanza kupanda kilima, mkewe aliinamisha kichwa kumsikiliza Mkaguzi, karibu mabega yaguse. Kinono akajikaza kisabuni, akaongeza hatua awakaribie asikie wanasema nini. Hakufika. Kifua kilimbana, maumivu yakamshuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka na jua halijachomoza vizuri. Akashika uzio wa pembeni. Vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi vilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, na mkoba, ebo, leo ulikuwa umening'inia begani kwa Mkaguzi. Amembebea.

Muuguzi aligeuka, akamwona amesimama kimya, akatabasamu na kuendelea na safari.

Kinono alitaka kufa na tai shingoni. Kweli kabisa, aliona heri aanguke pale kuliko kuomba kitu kinachotoka begani kwa yule bwana. Kisha akawaza kwamba akifa mkewe atakuwa mjane, na yule bwana hana mke. Wazo hilo ndilo lililomtoa sauti.

"Mke wangu," aliita. "Kinauma."

Mkewe alishuka mbio, Mkaguzi nyuma yake na mkoba. Wakamkalisha chini, kidonge kikaingia chini ya ulimi, muuguzi akapiga simu zahanati waje na machela. Mkaguzi alisogea kando bila kuambiwa. Polepole kifua kikaanza kuachia, na neno la kwanza alilolitoa Kinono halikuwa shukrani.

"Kila siku mnazungumza nini?"

Mkewe alifuta macho. "Namuuliza kifua kikibana inakuwaje. Kinaanzia wapi, usiku nitajuaje. Wewe nikikuuliza unasema hamna kitu. Nalala na mgonjwa, ugonjwa wake siujui, nimekwenda kuuliza kwa watu."

Kinono alitazama raba zake. Tusidanganyane, wivu haukuisha. Ulizidi, maana sasa alijua kwamba mwanamume mwingine amekaa akimweleza mkewe maumivu ambayo yalikuwa yake.

"Alikwambia yanafika wapi?"

"Yanashuka mkono wa kushoto mpaka kwenye vidole."

"Hayo ni ya kwake," alisema Kinono. "Yangu hayafiki kwenye vidole. Yanaishia hapa, kwenye kiwiko."

Mkewe akamshika hapo hapo kwenye kiwiko, akamwambia aendelee kusema.