Kicheche wa Ghala la Pamba

Napenda kuutangazia umma wa Kishapu na vitongoji vyake kwamba kuanzia leo, Desemba 1996, ulinzi wa kuku wote wanaojitafutia chakula katika mji huu uko chini ya Mkuu wa Operesheni, Valerian wa kidato cha tatu.

Umma wenyewe ulikuwa shangazi yangu Melania, binti yake Ritha, na jogoo mmoja aliyekuwa akijikuna.

"Umemaliza?" shangazi akauliza. "Haya, kachote maji."

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka bweni, ambako mtu hufundishwa fizikia mchana na kujifunza mwenyewe mengine. Nilikuta mwewe akibeba vifaranga mchana kweupe. Mwewe si mgumu kumtambua: kifaranga hayupo, damu hakuna, manyoya hakuna, na mama yake amejibana chini ya mkokoteni. Nikafumua kanda ya kaseti iliyokatika, nikaivuta juu ya uwanja kutoka kwenye uzio hadi paani. Ikawa inametameta na kuvuma kwa upepo. Mwewe akazunguka, akaghairi, akahamia kwa wengine.

Mji ukatulia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kamanda asiye na adui ni mchota maji tu.

"Sasa atakuja kicheche," nikatangaza wakati wa chakula. "Huyo hung'oa kichwa, huacha mwili, na hunuka mpaka machozi yakutoke. Zibeni matundu ya banda."

"Kicheche wa wapi?" Ritha akacheka. "Tangu nizaliwe sijamwona hapa. Labda umekuja naye kwenye sanduku la shule."

Kicheko kile kiliniuma. Jioni, kuku walipokuwa wakiingia bandani, nilimnyakua mtetea mwekundu, yule ambaye shangazi alimtegemea kwa kulalia mayai. Nikamchomoa manyoya kadhaa na kuyatawanya nyuma ya banda. Yeye mwenyewe nikamfunga mguu kwenye nguzo ndani ya ghala bovu la pamba. Asubuhi ningemtangaza kicheche, ningemfuatilia porini kishujaa, na ningerudi na kuku akiwa mzima. Ningekula sifa hadi shule ifunguliwe.

Asubuhi, kabla sijafungua mdomo, jirani yetu Mzee Pantaleo aliingia akimvuta mbwa wake Komando kwa kamba. Mbwa alikuwa na manyoya mekundu yaliyomnata mdomoni.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia shangazi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mama Ritha, mwizi wako huyu hapa. Nimemkuta nyuma ya banda lako anachezea manyoya. Nikitoka kunywesha ng'ombe lamboni, namaliza kazi."

Kwetu jambo hilo halijadiliwi. Mbwa aliyeonja kuku hauawi kwa hasira. Huuawa kwa adabu, na mwenye mbwa ndiye anayemwua, ili majirani waendelee kusalimiana. Shangazi akamwomba asubiri kwanza.

"Kiangazi chote amenilindia ndama, fisi hawakusogea," mzee akasema. "Lakini nikimwacha, kesho nitakutazamaje?"

Akamfunga Komando kwenye uzio wetu, akaondoka bila kugeuka. Mbwa akatazama huku na huku, akachagua mtu wa kumtikisia mkia. Akanichagua mimi.

"Mkuu wa Operesheni," Ritha akasema, "kicheche wako anabweka."

Nikaweka bakuli la uji chini. Nikatoka mbio kwenda ghalani. Ningemfungua mtetea, ningesema nimemkuta vichakani, mbwa angepona na kila mtu angefurahi. Mlangoni nikapokelewa na harufu iliyonitoa machozi.

Mtetea alikuwa amelala ubavu, hana kichwa. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu ambalo sikulitazama jana. Vumbi lilionyesha duara alilokimbia, akizunguka nguzo, akizunguka tena, mpaka mguu ukachunika.

Nilikaa chini kando yake. Sikuwa na tangazo lolote.

Lakini mimi ni mimi. Baada ya muda nikaona kwamba maiti ile ingeweza kumwokoa Komando, na kama ningekuwa mwangalifu, ingeniokoa na mimi. Nikakata kamba iliyomfunga kwenye nguzo, nikambeba hadi uwanjani. Mzee Pantaleo alikuwa amesharudi na shoka.

"Simamisheni adhabu!" nikapaza sauti. "Kichwa kimeng'olewa, mwili umeachwa, na harufu mnaisikia wenyewe. Huyu ni kicheche! Mshtakiwa hana hatia!"

Mzee akainama, akanusa. Shoka likamtoka mkononi. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Kicheche kweli," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Kijana, umeniokolea mwenzangu. Mungu akuzidishie."

Ritha hakucheka. Ndiyo sifa niliyoitafuta, na ilinichoma kuliko kicheko.

Shangazi alikuwa ameuinua mguu wa kuku, na mguuni palining'inia kipande cha kamba nyeusi ya kiatu. Akakitazama. Kisha akakitazama kiatu changu cha kushoto, kilichokuwa kimeachama.

"Valerian," akasema taratibu, "kicheche wako anajua kufunga fundo?"

"Hapana, shangazi. Fundo ni langu. Manyoya niliyachomoa mimi, na kuku nilimfunga mimi, akashindwa kukimbia." Nikamgeukia mzee, ambaye bado alikuwa ameushika mkono wangu. "Na Komando ulitaka kumwua kwa sababu yangu. Nisamehe, mzee. Niachie tu mkono."

Hakuuachia.