Kabari Mbili

Mtaani walimwita Fundi Kabari, na jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea nyundo iliyolegea mpini, aliipiga kabari mbili, moja ya mti na moja ya chuma, kisha akaitikisa karibu na sikio asikilize kama kuna kinachocheza. Jembe, kabari mbili. Sululu, kabari mbili. Wateja walimtania kwamba hata ukimpa kijiko cha uji atakitafutia pa kupigilia. Alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa, lakini kwa nini ziwe mbili hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Binti yake wa pekee alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea elimu ya uhalifu, na tasnifu yake ilihusu makosa ya jinai katika Maandiko. Siku za likizo, kila alasiri, alikuja karakanani, akapangusa vumbi la mbao kwenye benchi, akamsomea baba yake kurasa alizoandika. Maandiko mzee huyo alikuwa ameyashika kuliko wahubiri wengi, ila macho ya kusomea ndiyo yalikuwa yamechoka. Fundi Kabari aliipenda saa ile kuliko chakula. Alipiga randa polepole, isije sauti ya mbao ikaizidi ya mwanawe.

"Sasa sikiliza, baba. Wale wanazuoni wa kwanza wa uhalifu, wanaitwa wa kale, wanasema binadamu ana akili na ana hiari. Anapima faida na hasara, halafu anachagua. Kwa hiyo akikosa, aadhibiwe kwa kipimo cha kosa lake, kisipungue wala kisizidi. Awe tajiri, awe maskini, kipimo ni kilekile."

"Jicho kwa jicho," fundi alisema.

"Enhe! Watu wanadhani ule ni ukatili, kumbe ni mpaka. Umetolewa jicho moja, usiende kumng'oa mwenzako kichwa kizima."

Fundi alicheka mpaka randa ikaenda upande.

"Halafu wakaja wa mamboleo. Hao wanasema sawa, hiari ipo, lakini hiari za watu hazilingani. Uliza kwanza. Ana umri gani? Akili yake timamu? Alilazimishwa? Alikusudia? Na hilo nalo Maandiko yaliliona zamani. Kuna miji ilitengwa ili mtu aliyeua bila kukusudia akimbilie huko, asilipiziwe kisasi. Na mfano wenyewe utaupenda, maana ni wa kifundi. Watu wawili wamekwenda kukata miti, mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini..."

Randa ilisimama katikati ya ubao. Mkono wa fundi uliokuwa juu yake haukwenda mbele wala nyuma.

"...kinampata mwenzake, anakufa." Binti aliziweka karatasi chini. "Baba, najua inakuumiza. Ni kama habari ya Baba Mkubwa. Nilikwenda kumwona juzi."

Huyo Baba Mkubwa ndiye kaka yake fundi, aliyemfundisha hata kushika msumeno. Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa akikata mti wa mpakani, na jirani amesimama palepale anambishia, maana tangu asubuhi walikuwa wakigombana na mtaa mzima unasikia. Chuma cha shoka kiliruka, jirani akafa hapohapo, akaacha mke na watoto. Hakimu alimuuliza kama ni mkono wake, akasema ndiyo. Kama waligombana, akasema ndiyo. Hakuongeza neno. Alifungwa miaka kumi na mmoja, na alipotoka hakurudi mtaani. Alipanga chumba mji wa jirani, akawa anatengeneza vigoda, vigoda tu, na watu wakashangaa fundi aliyesifika kwa vitanda amepatwa na nini. Tangu hapo ndugu hao walionana mara mbili, zote msibani, wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Nilimuuliza kama mpini ulikuwa umelegea," binti aliendelea. "Kama ulilegea, mbona hakusema? Si angepunguziwa? Akacheka, akaniambia mambo ya mipini nimuulize baba yangu. Basi nakuuliza. Nataka kuiandika kwenye sura ya mwisho, nimwondolee aibu. Ulilegea?"

Fundi alimtazama. Angeweza kusema hajui, na yangekwisha. Huyu ndiye mtu pekee duniani aliyemwona hana doa, na kumpoteza huyu alikuogopa kuliko alivyowahi kuiogopa jela. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na alikuwa amechoka kuumwa peke yake.

"Ulilegea," alisema. "Jioni ya kuamkia siku ile kaka alinipa lile shoka nilipige kabari. Nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji."

"Maji ya nini?"

"Mpini ukilowa unavimba, unakibana chuma utadhani vimezaliwa pamoja. Jua likiupiga asubuhi moja tu, unasinyaa. Kila fundi anajua. Ni kazi ya mvivu."

"Na wewe si mvivu, baba."

"Kabari ingenichukua nusu saa. Mimi nilitaka kuwahi nyumbani. Ulikuwa na siku tisa."

Bati la paa lilikuwa likilia kwa joto.

"Mahakamani nilikaa nyuma," alisema. "Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa."

Binti alilia na hakuyaficha machozi. Fundi alisimama kando ya benchi lake, mikono imening'inia, akingoja hukumu.

"Kuliloweka shoka ilikuwa haraka ya kijana mwenye mtoto mchanga," binti alisema mwishowe. "Hukukusudia mtu afe. Lakini kunyamaza, baba, huko ulichagua. Kila siku ulikuwa unachagua."

"Ndiyo, mama. Nilichagua."

Basi alidhani mwanawe atakusanya karatasi zake aondoke. Badala yake binti alizunguka benchi, akampangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, upande mmoja kisha wa pili. "Kavae shati safi," alisema. "Twende kwake."

Chumba cha kaka kilikuwa kimoja, vigoda vimepandana mpaka karibu na dari. Mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, mvi kichwa kizima, analainisha mguu wa kigoda kwa msasa. Njia nzima fundi alikuwa ameyapanga maneno, lakini alipofika yote yalimkimbia.

"Kaka," alisema, "lile shoka..."

"Lilikuwa kwenye ndoo," kaka alisema. "Nililitoa mwenyewe asubuhi, linachuruzika maji. Nikasema halitanifikisha saa tano, lakini mti ni mdogo, litatosha. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mdogo wangu. Usijipe ukubwa."

Fundi aliketi juu ya kigoda. "Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningetaja ndoo, wangesema ndugu wawili tumekula njama. Wangetuchukua sote, na nyumbani kuna kitoto cha siku tisa."

"Na baadaye? Mbona hukuniambia mimi?"

"Ulikuja lini nikakwambia?"

Hapo fundi alilia kwa sauti, mtu mzima, majirani wakachungulia na kurudi ndani. Kaka aliuweka msasa chini, akamshika bega.

"Mimi nilipimiwa," alisema taratibu. "Miaka kumi na mmoja. Nikaimaliza, nikapewa na karatasi yangu ya kuachiliwa nikaondoka. Wewe nani alikupimia?"

Binti alikuwa amegeukia ukuta, analia.

"Mjane wa jirani bado hajui," fundi alisema alipoweza kusema. "Namtengenezea milango na madirisha miaka yote, na yeye ananishukuru. Kila shukrani yake inanichoma."

"Tutakwenda sote," kaka alisema. "Atakavyotupokea, tutapokea."

Ili kuwapa wazee nafasi ya kupumua, binti alipangusa uso, akauliza swali ambalo watu walikuwa wakiulizana siku zote. "Baba Mkubwa, mbona unatengeneza vigoda tu?"

Kaka aliinuka. Alivisogeza vigoda pembeni, safu baada ya safu, mpaka ukaonekana ukuta wa nyuma, na penye ukuta pameegemezwa mbao nne ndefu za kitanda, zimekatwa, zimetobolewa, zimejaa utando wa buibui.

"Kigoda unakitengeneza peke yako," alisema. "Kitanda lazima mtu akushikie upande wa pili."

Aliipuliza mbao moja vumbi, akaweka ncha yake juu ya benchi lake la kazi, akabaki ameishika ncha hiyo anangoja. Fundi Kabari alijifuta pua kwa mkono wa shati lake safi, akaenda kuishika ncha ya pili.

"Kaza," kaka alimwambia. "Na leo usinikimbie kuwahi nyumbani."