Fomu Haina Tumbo

Kiongozi wa wapanda mlima alisoma huduma ya kwanza kwa siku mbili, akarudi na cheti, kidude cha kubana kidoleni cha kupima hewa mwilini, na jina la Profesa. Tangu hapo kila aliyeugua huko juu aliambiwa ni mwinuko, yaani hewa haba ya mlimani. Kichwa kikiuma, mwinuko. Ukitapika, mwinuko. Hata aliyebanwa na viatu alitazamwa kwa huruma.

Asubuhi hiyo mpishi wa msafara, mdogo wake mke wa Profesa, aliteleza kwenye barafu mlangoni mwa kibanda akaangukia mtungi wa gesi. Ukingo ulimpata chini ya mbavu za kushoto. Aliinuka, akajicheka, akachemsha chai. Kufika saa nne midomo ilikuwa imempauka, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na bega la kushoto linamuuma ingawa halikuguswa. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Profesa alifungua fomu yake ya dalili za mwinuko, aliyoileta na cheti. Kichwa? Kidogo. Kizunguzungu? Sana. Umetapika? Mara mbili. Akajumlisha alama, uso ukamng'aa. Mpishi alipotaja tumbo aliambiwa asiruke maswali, fomu haina tumbo. Apumzike, anywe maji. Wageni walikuwa wamebakiza siku moja kufika kileleni, na Profesa hajawahi kurudi bila kilele.

Mpishi alimshika mkono. "Shemeji, tuseme ni mwinuko. Si ulitufundisha mwenyewe dawa yake ni kushuka?"

Profesa alirudisha macho kwenye fomu. Mkono uliomshika ulikuwa wa baridi mno. Hapo aliogopa kweli, akaita wapagazi wanne na machela.

Hospitalini daktari wa upasuaji alitoa bandama lililopasuka na damu iliyojaa tumboni, akasema wangechelewa saa moja tu wangeleta maiti. Kesho yake Profesa alisimama kando ya kitanda na fomu, akamsomea mkewe kwa fahari: ugonjwa, mwinuko, tiba, kushuka, matokeo, amepona.

Mpishi alitaka kucheka, nyuzi zikamkataza. Dada yake hakucheka. Alichomoa kile kidude mfukoni mwa mumewe, akambana nacho kidoleni.

"Tusome na wewe," alisema.

Kikasoma tisini na nane. Hewa alikuwa nayo tele; kilichompungukia hakipimwi kidoleni.