Neno Moja Kwenye Kadi ya Noémie

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga, bado hakujapambazuka, jirani yangu Rolande alipoingia. Alikuwa njiani kwenda kusafisha kaa kiwandani, hapa kwetu Caraquet, pwani ya mashariki ya Kanada, lakini alipita kwanza kunisomea kadi ya mjukuu wangu Noémie. Binti huyo amekulia mbali magharibi, Calgary, kwenye nchi ya wafuga ng'ombe. Anaandika Kiingereza tu, nami najua Kifaransa tu.

"Anasema anafikiri kama bado ana nafasi kwako," Rolande akatafsiri. Akasita. "Hapana, bibi. Hapa si kufikiri. Anajiuliza."

"Ajiulize mwenyewe? Huko Calgary nani atamjibu? Ng'ombe?"

Rolande alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema polepole, "Mtu hujiuliza hivi akiogopa kuuliza."

Miaka sita Noémie hajaja kuniona. Kila majira ya baridi namfumia viatu vya sufu vya kuvaa ndani, nikikisia mguu umekua kiasi gani, halafu naviweka mlangoni kwenye kapu la viatu vya wageni. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani anajua.

Rolande alikubali kuchelewa kazini kwa ajili yangu. Nilimtajia maneno ya jibu, akayaandika kwa Kiingereza: jozi sita za viatu vya sufu zinakungoja, chagua itakayokutosha. Chini yake nikaandika mwenyewe kwa Kifaransa: "Njoo tena unione, mwanangu."