Toleo la Nne

Kazini walimwita Bi Sera, kwa sababu kila mteja aliyepiga simu kulalamika alisomewa kwanza sera ya kampuni, pole ikafuata baadaye. Kampuni ilitengeneza programu za seva, kompyuta zinazotunza kumbukumbu za biashara, na sera yenyewe haikuwa ngumu. Kila toleo lilipata marekebisho kwa miaka kadhaa, kisha tarehe ya mwisho ikatangazwa. Ikishapita, toleo hilo halikuguswa tena, hata mteja apige magoti.

Jumatatu moja asubuhi alipokea simu, na kabla hajamaliza kujitambulisha akaijua sauti. Alikuwa mjomba wake, mwenye duka kubwa la rangi za nyumba.

"Mashine ya kuchanganyia rangi imejisasisha yenyewe usiku," alisema mjomba, "na sasa haielewani na seva. Haipati vipimo. Wateja wamejaa hapa, kila mtu na kipande cha ukuta wake mkononi."

"Shikamoo, mjomba. Seva ina toleo la ngapi?"

"Marahaba. La nne."

Toleo la nne lilikuwa limeishiwa huduma tangu mwaka juzi.

"Tulikutumia barua pepe," alisema.

"Nilidhani matangazo. Nitengenezee tu, mwanangu."

"Siwezi. Inabidi uhamie la saba."

"Unaniambia hivyo mimi, niliyekubeba mgongoni?"

"Hata mama ningemwambia hivyo hivyo."

Mjomba akakata simu. Mchana mama yake akapiga.

"Kaka yangu anasema umemkatia simu."

"Alikata yeye, mama."

"Hata kama. Ni mjomba wako."

Hakula chakula cha mchana. Alifungua kanuni za wafanyakazi, akazisoma akitafuta upenyo. Mfanyakazi hakuruhusiwa kutengeneza, hata nje ya saa za kazi, seva yenye toleo lililoishiwa huduma. Kuhusu kusoma kwa sauti, kanuni hazikusema kitu, na mwongozo wa kuhamia toleo jipya ulikuwa kwenye tovuti, wazi kwa kila mtu.

Alipotoka kazini alipitia dukani. Seva ilikaa chini ya ngazi, katikati ya makopo, imejaa vumbi. Alikalia kopo moja, akaweka mikono mapajani.

"Andika wewe, mjomba. Mimi nasoma."

Mjomba alimtazama, akavuta kiti. Alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, akiitafuta kila moja kana kwamba imefichwa makusudi. Kwanza walihifadhi nakala ya kila kitu. Kisha mjomba akataka kwenda moja kwa moja kwenye la saba.

"Hairuki," alisema Bi Sera. "Lazima upite la tano, halafu la sita."

"Nani alipanga hivyo?"

"Sisi."

Kwenye la sita kazi ikakwama. Nafasi ilikuwa imejaa.

"Haya mafaili makubwa ni ya nini?"

"Picha za harusi ya dada yako," alisema mjomba. "Niliona huku ndiko salama."

Wakazihamishia kwenye flashi. Mara mbili mkono wa Bi Sera uliinuka kuelekea kibodi, na mara mbili akaurudisha. Hatimaye la saba likawaka, na mashine ikamimina rangi ya kijani hafifu ndani ya kopo. Mjomba alichovya kidole gumba, akakinyanyua kwenye taa.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Kisha akauliza, "Na hili litakufa lini?"

"Tarehe imeshatangazwa." Akamtajia.

Mjomba alichukua brashi, akaandika mwaka huo ukutani juu ya seva, kwa rangi ya mafuta.

"Andika mwaka mmoja kabla," alisema Bi Sera.

Mjomba akaifuta tarakimu ya mwisho kwa tina ya kuyeyushia rangi, akaandika nyingine. Asante hakusema. Alimsindikiza mpwa wake hadi mlangoni, akamwambia amsalimie mama yake.

Siku chache baadaye mama alipiga simu tena.

"Kaka yangu anatangaza kila mahali kwamba seva ameitengeneza mwenyewe."

"Ni kweli, mama," alisema Bi Sera.